Makopo Mawili Kwenye Sauna

Saimi mwanangu,

Supu ya samaki iko jikoni, ipashe moto. Usiwashe sauna kabla hujatoa yale makopo mawili kwenye benchi. Ni ya baba yako: moja nta, jingine dawa ya kulinda rangi, ameyaweka humo yalainishwe na joto lililobaki jana. Tangu theluji ianze anawaza lipi litalikinga gari na chumvi ya barabarani. Mimi alinichagua kwa dansi moja tu!

Asubuhi nililipeleka ukaguzi, yeye bado kalala. Mkaguzi akacheka, "Mama, kwenye rangi hii mtu anaweza kujitazama!" Kisha akaingia chini ya gari, akasukuma bisibisi, ikatokea juu penye zulia la dereva. Kutu imelila lote kwa chini. Halitengenezeki tena.

~~Mwambie wewe, wewe anakusikia.~~ Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe jioni.

Niliporudi nilimkuta baba yako uani, kitambaa begani. "Mke wangu, nipake lipi?" Nikafungua mdomo niseme. Nikajikuta nasema, "Paka yote mawili."

Akikuita ukaone linavyong'aa, nenda ukaone.

Mama yako