Mtu wa Handeni na Mbwa wa Balozi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, goti lako limetulia, na mvua za Kwaluguru zimekumbuka njia. Je, mahindi yamebeba? Lambo lina maji, au akina mama bado wanakwenda mbali na ndoo zao? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na kilichouchafua ndicho nataka kukueleza, maana najua umenikasirikia.

Nilikukatia simu, Mjomba. Umezunguka vijiji nyuma ya pikipiki ya mwanao Sefu, umeuliza wazee mlango kwa mlango, halafu unanipigia na furaha yako, "Nimelipata jina, mwanangu! Huyo mtu alikuwa akiitwa..." nami nakata. Mama ameniambia ulibaki unaitazama simu, ukasema, "Huyu mtoto Marekani imemharibu." Haijaniharibu. Keti vizuri, mwambie Sefu asome polepole. Na wewe Sefu, binamu yangu, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka vipindi vya hesabu.

Kazi yangu huku unaijua, kumlea Bibi Dorothea, kizee wa watu anayeishi peke yake katika nyumba kubwa ya mawe. Namwogesha, nampikia, nampa dawa. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshaondoka zamani na wala nisingehangaika kukuandikia. Babu yake alikuwa balozi wa Marekani kule Ujerumani wakati wa ile vita kuu ya kwanza, vita ileile iliyowabebesha babu zetu mizigo mpaka wakafia porini. Kila ukuta wa nyumba hii una picha yake na masharubu yake. Sasa mpwa wa Bibi, Bwana Warren, anataka nyumba ifunguliwe, watu waje kumtazama Balozi na viatu vyake. Kila wiki analeta wageni, anawahadithia, mimi napita na chai. Maisha ya mtu huyo nayajua kuliko ya marehemu babu yangu mwenyewe.

Alizaliwa na mali, akaoa mali zaidi. Akasomea sheria, akawa jaji, akakibeba chama chake wakati wa uchaguzi, na chama kikamtuza ubalozi wa Berlin. Kijerumani chenyewe hakukijua. Vita ilipoanza Marekani ilikuwa bado haijaingia, kwa hiyo yeye ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwatazama mateka wa Kiingereza. Alikwenda kambi hadi kambi akionja supu, akipima mkate kwa kiganja, akiwafokea maofisa wa Kijerumani kwamba mtu si mnyama. Hilo alilifanya kweli, simnyang'anyi. Kisha nchi mbili zikakosana, akafungasha akarudi kwao, akaandika kitabu kinene juu ya ukatili wa Wajerumani, akahutubia miji na miji, watu wakalia. Baadaye akautaka ugavana, akaukosa, akazeekea humu humu akipigwa picha na mbwa wake.

Hao mbwa ndio waliotufikisha hapa.

Nyuma ya nyumba kuna bustani, na kwenye bustani kuna makaburi madogo yenye mawe meupe. Baridi ilipokwisha, Bibi aliniomba niyasugue mawe yale, yalikuwa yameota ukungu. Nikasoma majina: Otto, Greta, Hugo. Nikasema masikini, watoto wa Balozi, wamekufa wadogo hivi. Basi nikafanya kama Mama anavyotufanyisha kila Shaaban makaburini kwetu Kwamndolwa. Nikawatolea salamu watu wa makaburini, nikang'oa majani, nikamwagia maji kutoka kichwani mpaka miguuni, nikainua mikono, nikasoma Fatiha, nikamwomba Mwenyezi Mungu awapokee malaika wale. Bibi alikuwa akinitazama dirishani. Nilipoingia ndani nikamkuta analengwalengwa na machozi. Akanishika mkono, akasema, "Hakuna mtu aliyewahi kuwaombea mbwa wa Babu."

Mbwa, Mjomba! Nimewasomea Fatiha mbwa! Nilirudi bustanini nikachota udongo, nikanawa najisi kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, nikanawa mpaka ngozi ikawaka. Cheka tu, nimekuruhusu. Hata mimi nilicheka siku ile.

Kilichonichekesha kwa mara ya mwisho ni hiki kingine. Bibi ana mbwa mmoja aliye hai, mzee kama yeye. Asubuhi moja niko jikoni, nikasikia sauti ya Bibi sebuleni: "Njoo! Njoo!" Sijui niseme nini, mwili ulisisimka, lugha ya nyumbani katika nyumba ile! Nikaacha sufuria, nikaenda mbio. "Abee, Bibi!" Mbwa naye akafika. Tukasimama mbele yake wote wawili. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kumbe na wewe unalisikia?" Nikamuuliza neno lile amelitoa wapi. Akasema ni neno la kuitia mbwa, la ukoo wao, alirithi kwa baba yake, tangu Berlin. Sam ndiye aliyewafundisha.

"Sam ndiye nani?"

"Mtunza mbwa wa Babu. Mwafrika. Babu alikuwa akisema anatoka Handeni. Ni karibu na kwenu?"

Nilikaa chini, Mjomba, mbele ya mwajiri wangu, bila kuambiwa keti.

Alinihadithia akitabasamu, kama mtu anayehadithia harusi. Mtu huyo alichukuliwa Ulaya na ofisa wa Kijerumani awe mtumishi wake. Ofisa akaenda vitani asirudi. Balozi akamchukua alishe mbwa. Baba yake Bibi, aliyekuwa mtoto wakati huo, alimpenda sana. Siku ya kuondoka ilipofika, Balozi aliwahangaikia mbwa wake mpaka wakapatiwa behewa lao, lenye majani makavu na maji. Sam aliwapeleka stesheni, akawapandisha mmoja mmoja, akawafuta miguu. Halafu mlango wa behewa ukafungwa.

"Baba aliikumbuka picha ile mpaka anakufa," Bibi alisema. "Sam amesimama pale, ameshika kamba tupu, anawaaga mbwa."

Nikamuuliza, "Baadaye?"

"Baadaye nini?"

"Yeye alikwenda wapi?"

Bibi akanitazama. "Sijui, mpenzi wangu. Nadhani hakuna aliyeuliza."

Kulikuwa na baridi, mji una njaa, na kwao kuna vita. Mbwa wamepanda, mtu amebaki. Na aliyembakiza ni yule yule aliyewapigania mateka wa Kiingereza wapate mkate, akashika kalamu akawaandika Wajerumani kwamba hawana utu. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Tangu siku hiyo kila nikipita chini ya masharubu yale ukutani nageuza uso.

Nilimwambia Bibi, huyo mtu hakuitwa Sam. Hakuna mama wa Handeni aliyezaa Sam enzi hizo. Bibi akaguswa, akasema basi tumwekee jiwe bustanini, nami nitafute jina lake la kweli. Warren akafurahi, wageni watapenda. Ndiyo maana nikakusumbua. Wewe ukaanzia Lutindi kwa wazee wa misheni, ukateremka Handeni, na mimi huku nikawa nasubiri kwa hamu, nikiona haki ya mtu inarudi.

Siku uliyopiga simu ndiyo siku fundi alipolileta jiwe. Nikaitwa bustanini. Shimo lilikuwa limechimbwa kati ya Greta na Hugo. Jiwe kimo kile kile, weupe ule ule, limechongwa: Sam, rafiki mwaminifu. Nikageuka kulitazama jiwe la Otto nililolisugua kwa mikono yangu. Otto naye, rafiki mwaminifu.

Warren akasema, "Atakuwa pamoja na wale aliowapenda."

Nikasema, "Hakuwapenda. Alikuwa kazini."

Akacheka, akadhani ni utani. Akasema fundi yupo, jina la kweli litachongwa chini ya lile la Sam, na siku ya sherehe nisimame mbele ya wageni nilitamke kwa Kiswahili, nivae na kanga. Simu ikalia. Ni wewe. Warren akasema, "Weka sauti kubwa tusikie wote!" Fundi akapiga magoti na patasi yake. Bibi yuko kwenye kiti cha magurudumu, ameinamisha sikio. Nikakusikia: "Nimelipata jina, mwanangu! Huyo mtu alikuwa akiitwa..."

Nikaona kitakachofuata. Jina alilopewa na mama yake, likaadhiniwa sikioni, linakwenda kulala kati ya Greta na Hugo, chini ya Sam, mgeni akipita anasoma huku anatafuna mkate. Nilikata kwa kinyaa, Mjomba, kama mtu anavyotema nzi.

Warren akauliza kama mtandao umekatika. Nikamwambia mtandao uko sawa, ila jina hatuna la kuwapa. Bibi akasema kwa unyonge, "Basi libaki Sam tu." Nikasema Sam pia asikae pale. Wakilipanda jiwe lile, mimi si wa nyumba hii. Warren akaniambia kwa upole sana, wenzetu wana upole huo, kwamba mwisho wa mwezi nitafute pengine. Jiwe limelazwa kwenye banda la gari, kifudifudi, Bibi amelia lisitoke mpaka atakapoamua. Sijui ataamua nini. Kazi nitapata nyingine, wazee wa kulea huku hawaishi. Kinachoniuma ni kwamba nitamwacha na yeye ameshanizoea.

Mama amenieleza mengine yote, ila jina nimemkataza. Kwamba huyo mtu ni wa ukoo wa Bibi Mwantumu, yule mzee uliyemkuta Handeni. Kwamba mdogo wake babu yake aliondoka na Mjerumani, mama yake akamsubiri mpaka akafa, na matanga hayakuwekwa kwa sababu hakuna aliyejua kama ni maiti au ni mzima. Na kwamba katika nyumba ile amezaliwa kitukuu wa kiume, bado hajapewa jina. Sina hakika kama mtu wao ndiye huyu wa stesheni. Wajerumani hawakuchukua mtu mmoja. Lakini hata akiwa mwingine, naye alisubiriwa.

Kwa hiyo nakuomba, usinitumie jina hilo, kwa simu wala kwa maandishi. Hawa wanalo neno moja letu, ona walichokifanya nalo. Nenda kwa Bibi Mwantumu, mpe salamu zangu, mwambie wakalie matanga sasa. Wasome khitma, wapike, walie kama wana machozi. Jina litamkwe hapo, mbele ya watu wake.

Nisalimie mkeo, mama yangu wa pili, mwambie ile mboga ya mnavu aliyonikaushia nimeila mpaka vumbi lake. Msalimie imamu wetu, ila habari ya Fatiha usimwambie. Sefu nimeshamsalimia juu, asitake nyingine.

Na yule mtoto, Bibi Mwantumu akipenda, apewe jina lile. Akikua akaanza kutembea, jioni chakula kikiwa tayari, simameni mlangoni mumwite kwa jina lake lote. Kisha mwambieni njoo. Aje mtu.

Mimi mwana wa dada yako,
Mwanaisha