Ningekaa Tu

Baba,

Mwangaluka. Nimefika nyumbani, na udongo wako umeshaota nyasi. Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe hukupenda mtu anayezungukazunguka.

Kaka Masanja amenieleza yote. Amesema ulianza kulala ndani tangu pamba ilipopasuka, na kila alipotaka kwenda Bariadi kunipigia simu ulimzuia. "Mwacheni Minza asome. Akija atafanya nini? Yeye si daktari." Maskini kaka wa watu akatii. Nilipata habari ukiwa umeshazikwa. Sasa mashangazi wananitazama kana kwamba niliitwa nikakataa, na Mama hamsemeshi Masanja. Hayo ndiyo uliyotuachia.

Uliwahi kuniuliza ninakuza nini huko Japani, kama si mahindi wala pamba. Sikukujibu vizuri. Ninakuza fuwele, Baba, jiwe moja zima lisilo na kiungo, lenye shaba ndani yake. Likipozwa sana, umeme hupita humo bila kupotea hata kidogo. Tunasaga unga, tunaushindilia uwe kijiti, tunauchoma, kisha tunakining'iniza kijiti ndani ya tanuri lenye vioo. Taa zinamulika mahali pamoja tu mpaka panayeyuka. Hapo linakaa tone. Juu yake kijiti, chini yake jiwe linalokua, na katikati halishikiliwi na chombo chochote. Linajishika lenyewe.

Mimi natazama. Kuna kidirisha, nakaa mbele yake kutwa. Naweza kupunguza moto kidogo au kuuongeza, lakini tone likishaamua kudondoka limedondoka, huwezi kutia mkono. Mara ya kwanza nililia. Profesa wangu akaniletea chai, akasema kukaa nako ni kazi.

Sasa niambie, Baba. Mtu aliyekwenda mbali hivyo kujifunza kukaa na kitu asichoweza kukigusa, wewe ukaona hafai kukaa kando ya kitanda chako? Nisingekuponya, najua. Ningekaa tu. Ningekushikia kikombe. Ningekuona, Baba. Jamani, ningekuona.

Hapa mambo yamegeuka. Ghala la ushirika limefungwa. Wanunuzi wa pamba wanakuja na magari yao na mizani yao, kila mmoja na bei yake, na Masanja hajui amwamini yupi kwa sababu wa kumuuliza ulikuwa wewe. Jana akaniuliza mimi. Mimi najua nini cha pamba? Tulibaki tunatazamana mpaka gari likaondoka.

Nilikuletea kipande cha fuwele. Ni cheusi, chembamba, na kwa joto hili la kwetu hakifanyi lolote. Mama alikigeuza kiganjani akauliza, kidogo hivi? Nikamwambia ndiyo. Akakifunga kwenye pindo la khanga yake, na sijamuomba anirudishie.

Kesho naondoka. Leo asubuhi nilimwambia Masanja, Mama akisikia, kwamba siku Mama akiugua hata mafua, apige simu. Atakayemkataza asimsikilize, hata akiwa Mama mwenyewe. Masanja aliitikia haraka. Mama aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Tutaona."

Nimekuja huku kaburini kumshtaki Mama kwako, maana yeye anamsikiliza nani mwingine?

Lala, Baba. Kukusamehe nitakusamehe, nakuahidi. Lakini si leo, na usiniharakishe.

Binti yako,
Minza