Namba Kumi na Tisa Hajatoka

Nyumba ya Mlangoni,
Juu ya Korongo.
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kifua kilichokusumbua kimepona. Sisi hatujambo. Mama bado anashona, na anasema macho yake hayana neno, ingawa siku hizi ni mimi ninayemtungia uzi kwenye sindano.

Tangu nimalize shule naamka mapema kama zamani, halafu nakumbuka sina pa kukimbilia. Wenzangu wote wametawanyika. Kitanda chako kipo palepale, mkabala na changu. Mama amekijaza vitambaa, lakini upande wa mto nimeuacha wazi.

Kazi ya mlangoni sasa ni yangu. Utaratibu ni uleule: anayeshuka korongoni kutembea anaandikwa jina daftarini, anachukua kibao chenye namba kutoka kwenye misumari, na akitoka anakirudisha. Lango halifungwi mpaka misumari yote thelathini ijae. Yaani yote isipokuwa wa nne, kwa sababu uliondoka na kibao chako kwenye mfuko wa koti. Kila jioni Baba Mdogo hupitisha kidole kwenye misumari, na akifika pale husema, "Huyu yuko safarini," kisha anafunga. Amekataa kuchonga kingine.

Alhamisi nilikuwa na mapumziko, mpishi wetu akanishikia zamu. Nilitaka kushuka peke yangu, bila wageni, kama tulivyokuwa tukishuka wewe na mimi. Mpishi alikuwa ameingia kuangalia jiko, nikajichukulia kibao bila kuitazama namba, kumbe kilikuwa cha kumi na tisa. Jina sikuandika. Niliona haya kuliweka langu chini ya majina ya watu waliotoka mbali.

Dada, kungekuwa kuzuri zaidi ungekuwepo. Dimbwi la pili limepungua, na mchanga pembeni yake umejaa nyayo za usiku. Nilikaa kwenye lile jiwe letu saa nzima na darubini yako ya zamani, ile yenye jicho moja bovu. Pimbi walitoka mmoja mmoja kuota jua, mama mmoja akiwa amepandwa mgongoni na watoto watatu. Mbuzi-mwitu dume alishuka ukutani mahali ambapo mimi nisingeweka hata kidole, akanywa, akanitazama. Niligeuka kukuonyesha. Sijui kwa nini niligeuka.

Wakati wa kurudi nikakuta kundi la wageni wakipigana picha langoni. Unanijua. Nilizunguka nyuma ya jiko nisilazimike kumsalimia kila mtu, nikakaa kuchambua maharage.

Saa kumi na moja jioni Baba Mdogo akaingia, filimbi shingoni. "Namba kumi na tisa hajatoka," akasema. "Na daftarini hata jina hana."

"Akipatikana huyo," mpishi akasema huku akifunga kamba za viatu, "atanioshea masufuria wiki nzima."

Nikachukua maji na kamba, nikashuka nao. Tuliita mpaka kuta zikawa zinatuitikia. Nami niliita, Dada. Mimi ambaye mwalimu alikuwa akinirudishisha kila jibu mara tatu ndipo anisikie, niliita kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Nilimwonea huruma mtu huyo, yuko peke yake, jua linashuka, na hakuna anayejua jina lake.

Karibu na dimbwi la pili nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, nikakigusa kibao.

Nilipaswa kusema palepale. Lakini Baba Mdogo alikuwa ameweka mikono mdomoni anaita, "Kumi na tisa! Kaa hapohapo, usiogope, tunakuja!" Nikanyamaza mpaka akaita mara ya pili, na ya tatu. Tangu uondoke hakuna aliyenitafuta hivyo. Nisamehe, hili sijamwambia mtu mwingine.

Kisha nikakitoa. Mpishi akakaa chini kwenye mchanga. Baba Mdogo akakitazama kibao, akanitazama mimi. "Kumbe tumekuja naye," akasema. Hakunigombeza. Njiani alinipokea kamba, akaniuliza nimeona nini asubuhi, nikamsimulia pimbi na mbuzi mpaka tukafika langoni. Masufuria naosha, leo ni siku ya tatu.

Ila ninachokuandikia hasa ni hiki. Baba Mdogo alipokitundika kibao changu, alipitisha kidole kama kawaida, akafika kwenye msumari wa nne. Hakusema yuko safarini. Alifunga lango tu. Ijumaa vilevile, na jana vilevile.

Imenichukua siku tatu kupata ujasiri wa kukuuliza: kibao hicho bado unacho? Kama unacho, tafadhali usikitume kwa posta. Kilete mwenyewe, hata kwa siku mbili. Nitakuandika daftarini kwa mwandiko wangu mzuri, na jina langu nitaliandika chini ya lako.

Mama anakusalimu, anasema vaa nguo nzito. Mpishi naye anakusalimu. Baba Mdogo aliniona naandika, akaniletea bahasha. Msalimie sana shemeji. Mungu akulinde huko uliko, na akufungulie njia ya kuja.

Wako akupendaye sikuzote,
Mdogo wako wa mlangoni.