Namba Tano za Yaya Anatole

Baraka, tarehe 14 Septemba 2000

Kwako yaya Anatole, kaka yangu mkubwa, huko Kigoma,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi wa Baraka tunapumua. Nakuuliza afya kwa sababu mama alitufundisha hivyo, si kwa sababu moyo wangu unataka kujua.

Askari walipotoa namba thelathini tu za phonie, mashine ya redio ya kuitana, kwa vijiji vyote vya ziwani, wewe ulichukua tano kwa jina la duka lako. Kisha ukakimbilia ng'ambo, ukaniacha kwenye mashine, ukaniagiza nisimpe mtu hata moja. Na kijiji kisicho na namba hakijibiwi. Wenye bunduki walisema anayekijibu anaongea na adui.

Mwezi wa saba kamati ya phonie iligombana siku mbili. Mwanahamisi, muuza samaki wa Kazimia, alisema wenzake wamechanga wakanunua mashine lakini namba hawana, na zako zimelala bure. Aliomba namba isiyotumika miezi mitatu irudi kwa kamati. Mzee Bonaventure wa parokia, anayekalia nane na kutumia mbili, alijibu kwamba aliyetangulia ametangulia. Nami, kibaraka wako, nikamuunga mkono. Nilimwambia yule mama mbele ya watu kwamba namba si samaki wa ndagala, hata agawiwe kila mwenye sahani. Watu walicheka. Yeye akasema, "Munalalia namba sawa kuku. Mutatotoa nini?" Tulishinda kwa kura moja, na kura hiyo ni yangu.

Nilipokuandikia kwamba dada yetu Émilienne amefia Kazimia kwa uzazi, kwa kukosa mashua ya kumleta hospitali, nilikuficha jambo. Mashua ilikuwepo hapa Baraka, na mafuta ndani. Asubuhi ya kifo chake, baada ya kura ile, Kazimia waliita bila namba. Niliijua sauti ya shemeji Rashidi. Alitaja jina la Émilienne, mke wake, mara mbili. Hakukuwa na askari hata mmoja karibu, yaya, sikuogopa mtu. Nilipunguza sauti ya mashine kwa mkono wangu, ili Kazimia wasiseme wameshinda.

Nakuchukia kwa namba zako, na mimi mwenyewe najichukia zaidi.

Leo nimezirudisha zote kwa kamati, usinidai. Kazimia wamepewa ya kwanza. Rashidi anadhani siku ile hatukusikia kitu. Nisalimie shemeji Pulchérie na watoto. Kesho asubuhi Rashidi ataita, na ni mimi nitakayemjibu.

Mdogo wako,
Willy