Glasi Niliyoiita Moja

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimethibitishwa kazini kwenye maabara, na mimi na mke wangu tu wazima.

Umeandika kwamba miaka miwili bila mtoto ni kosa la mke wangu. Napinga, nawe usiuite ubishi huu utovu wa adabu. Yeye aliacha pombe siku tulipoanza kutafuta mtoto; mimi nilimbishia daktari aliyenishauri niache, nikidai kwamba glasi moja kila jioni ni kiasi.

"Basi ipime, msomi," mke wangu akasema.

Nikaipima kazini. Ile glasi uliyonizawadia nilipohitimu hubeba chupa mbili za bia. Hospitalini nako wameona kwamba mbegu dhaifu ni zangu. Nimeacha kunywa.

Ukitafuta wa kulaumiwa, nipo. Yeye ni fahari yangu.

Mwanao mbishi, aliyeshindwa na mkewe tu.