Pole za Shangazi

Dada Akinyi mpendwa,

Salamu kutoka Kampala, ambako mvua huchagua kunyesha saa ya kuwaona wagonjwa. Shangazi amenichosha. Kila siku anakuja kutoka Wandegeya na uji wenye sukari aliyoipangia foleni inayolindwa na wanajeshi, pamoja na kofia ya mtoto anayoifuma. Daktari amemweleza mara tatu kwamba Mama hana mtoto tumboni. Ni uvimbe ulioanza katika ile mimba iliyoharibika, ukasambaa hadi kwenye pafu, na ndio unaofanya mkojo wake uonyeshe mimba. Shangazi humjibu, "Mkojo hausemi uongo, Daktari," na wodi nzima humpa Mama hongera.

Leo, baada ya wiki nyingi za sindano za kuua uvimbe, kipimo kimeonyesha hakuna mimba. Mama alinishika mkono akacheka, wala hakukohoa. Shangazi alilia. "Pole, wifi yangu. Mungu atakupa mwingine." Wanawake wote wa wodi wakaja kumpa Mama pole, naye akamshukuru kila mmoja.

Kipimo kitarudiwa Jumatatu. Wakumbatie wadogo zetu, na mtuombee tupewe pole tena.

Mdogo wako,
Atieno