Bia Isiyo na Povu

Chumba Na. 7, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Viatu.
Jumamosi, 14 Machi.
Asubuhi manyunyu, upepo hakuna. Nguo za jana hazijakauka.

Mpendwa Dada,

Goti lako linaendeleaje? Uliniambia wodi yenu ni ndefu na zamu zimekuelemea. Natumaini umeshapata vile viatu vya soli laini. Mimi ni mzima, ila Jumatatu nimeng'olewa jino la nyuma na shavu limerudi mahali pake jana tu. Presha ya Mama imeshuka. Anaapa kwamba ameacha chumvi. Mimi namwangalia tu. Watoto wetu wanasoma: mkubwa amekuwa wa nne darasani, mdogo amekuwa wa kwanza kwa kuongea.

Barua yako niliipokea tarehe tatu. Umetaka nikuandikie bia ninazozipenda ili uzijaze kwenye baa yako ukirudi, kwa kuwa ukoo mzima hakuna anayeijua bia kama mimi. Ni kweli, na kila ninayoionja naiandika kwenye shajara na tarehe yake. Lakini umeandika pia kwamba mwisho wa mwezi huu unapeleka barua ya kuacha kazi hospitalini, uje uishi kwa baa hiyo. Hapo ndipo nilipoamua kwenda kwenye baa yako kwa macho ya kiwandani, kama ninavyokagua vitambaa, jora kwa jora.

Ya kwanza kwangu ni ile nyeusi. Haitaki baridi kali. Ikiwa na ubaridi wa maji ya mtungi, utasikia harufu ya mkate ulioungua kidogo, halafu uchungu unakuja mwishoni taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Kwako inalazwa kwenye friji ya nyama. Niliyopewa ilikuwa na barafu ndani, na ilipoyeyuka ikawa na ladha ya maji yaliyosuuzia sufuria.

Ile ya chupa ya kijani naipenda Jumamosi mchana, nikitoka kazini shingo inawaka. Ni nyepesi, inakata kiu, haina majivuno. Shemeji, huyo mumeo uliyemwachia baa, amezipanga dirishani zipendeze, jua linazipiga kutwa, jioni anazipoza na kuziuza. Bia ya chupa ya namna hiyo ikipigwa na jua hunuka kicheche. Sitanii. Nilifungua moja nikainama kutazama kama kuna mnyama amefia chini ya meza.

Kichefuchefu chenyewe, hata hivyo, ni ile ya bomba, ambayo ndiyo inayojaza watu. Unajua ninavyoitaka: povu la vidole viwili, zito, linaloacha pete kwenye glasi kila unapopiga funda. Kwako povu hakuna. Bia imejaa hadi mdomoni, imetulia kama mkojo wa mgonjwa kwenye kichupa. Nisamehe, wewe ndiye muuguzi. Nilipeleka pua nikasikia limau. Nikaenda nyuma. Glasi zote zinachovywa kwenye beseni moja la sabuni ya maji yenye harufu ya limau, maji yamekuwa ya kijivu na mafuta ya nyama yanaelea juu, kisha zinapanguswa kwa kitambaa kilekile cha kufutia meza. Hazisuuzwi.

Nilidhani ni uvivu, kumbe ni mbinu. Wateja wake wanaamini povu ni wizi, kwamba mwenye baa anawauzia hewa. Shemeji akagundua kwamba sabuni na mafuta huua povu, akaacha kusuuza, na sifa zikaenea. Siku hizi wanamwita Pomoni, maana kwake glasi hujaa pomoni. Jina lenyewe analifurahia.

Nikaosha glasi moja kwa maji ya moto na chumvi, nikaisuuza mara tatu, nikaijaza na kuiweka kando ya yake. Nikawaita wateja wawili waliokuwapo, seremala na fundi saa, waonje. Seremala aliitazama yangu tu.

"Dada yangu, hii nusu yake ni mapovu," akasema. "Povu hata kinyozi hunipaka bure."

Baa nzima ikacheka. Fundi saa alionja zote mbili, akakuna kidevu, akakiri kwamba yangu ni tamu zaidi, ila atanunua ya Pomoni.

Shemeji mwenyewe hanywi, vidonda vyake vya tumbo unavijua. Kwa hiyo hajawahi kuonja anachokiuza. Nilimwomba aguse kwa ncha ya ulimi tu, akaisukuma glasi pembeni.

"Shemeji, wewe unapenda bia," aliniambia. "Mimi napenda wateja. Tusigombane."

Ingekuwa ni hayo tu, ningesema ulimi wangu unadeka. Lakini juzi Alhamisi, nikiwa palepale, alikuja fundi wa kampuni inayoleta mapipa na mtambo wa bomba. Alifungua mpira unaopitisha bia, akauminya, ukatoka ute mweusi mrefu kama kamasi. Nilikimbilia uani. Mipira hiyo inatakiwa kuoshwa kwa dawa kila wiki, na daftari la sahihi limening'inia ukutani. Sahihi zote zipo, za miezi mitano, na zote zimetiwa siku moja kwa kalamu moja. Fundi hakugomba. Alimkabidhi Shemeji karatasi: akirudi tarehe ishirini na nane akakuta hali ni hiyo, wanaung'oa mtambo na hawaurudishi.

Shemeji aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Baadaye akaniomba, kwa upole kabisa, nisikuandikie.

"Mwache aache kazi kwanza," akasema. "Akija atasafisha mwenyewe, mkono wake mzuri kwa usafi."

Dada, hilo lilinitia kinyaa kuliko ule ute. Nilimwambia papo hapo kwamba nitaandika. Akanuna, akasema ninaingilia nyumba ya watu. Huenda ni kweli. Tangu juzi hatusemeshani, na watoto wameshaanza kuuliza.

Basi usipeleke barua ya kuacha kazi. Subiri ile tarehe ipite. Mipira sitamwoshea, ingawa mkono unaniwasha. Nikimwoshea, utapata habari njema zisizo za kweli, na utaacha kazi kwa ajili ya hizo.

Mama anakusalimu sana, Mama Mkubwa vilevile, na watoto wetu wanakubusu. Shemeji naye anakusalimu; hakuniagiza, lakini najua. Mungu akushike mkono katika zamu zako zote.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye bila kukuficha neno.

Nimeinakili mara mbili iwe safi. Saa tano na dakika kumi usiku, naingia kulala.